Robo Kilo ya Uongo

Washairi nao wana mizani, nasikia.
Yangu ina kulabu.
Usiniulize kitu kilikuwa nani kabla hakijaning'inia hapo:
jiko ni kilo moja na nusu,
shaba ina heshima yake,
na bati lililoliwa na kutu hulipokea siku nikiwa na moyo.
Kariobangi yote yanijua. Makhanu wa mizani.

Kasyoka alikuja mvua za masika zikinyesha,
ovaroli limetobolewa na cheche likawa chekecheke,
akainamia rundo langu kama anayechagua mchele.
Vizito akavipita.
Akaweka kando vijiko vilivyopinda,
funguo zilizofiwa na kufuli,
mbavu za mwavuli,
kandambili moja ya mtoto, ya kushoto.
Nikamwambia, mama, mpira haupimwi hapa,
sindano yangu haiuoni.
"Basi ni bure," akasema,
akaitia mfukoni.

Miezi minne tuliona mwanga wa samawati nyuma ya gereji,
tukafunika macho, tukaendelea na kazi.
Kisha asubuhi moja, pale kwenye mzunguko wa barabara,
kongoti.
Yule yule mwenye kipara na mfuko shingoni,
anayesimama juu ya migunga ya barabara ya Mombasa
kama karani mstaafu anayengoja malipo yake.
Ndege mla taka, kaumbwa kwa taka.
"Ndege wote wazuri wa Mungu," watu walisema,
"na wewe ukamchagua huyu?"
Lakini Mama Atemo wa maharagwe alimzunguka mara tatu,
akagusa bawa la kulia, safu ya pili:
"Mwiko wangu huu. Niliupindia kichwani mwa marehemu."
Akacheka, akacheka,
mpaka akatafuta ncha ya leso.

Usiku wa Jumanne akaja kijana, kofia imefika nyusi.
Akafungua gunia. Nikatundika.
Uma wa baiskeli,
na chini yake spana tatu zimechomelewa, zimetanuka.
Mguu.
Nilipima, sitadanganya; mkono umezoea.
Kilo nne, ilisema sindano.
Nami nilijua ni nne na robo,
kwa kuwa sindano yangu hulala robo kilo nyuma ya sufuri
tangu mwaka wa mafuriko,
na sijawahi kumpelekea fundi.
Robo ya huyu, robo ya yule:
mabati ya nyumba yangu yalitoka humo,
na karo ya Nekesa, mihula sita.

Nilimlipa nne na robo.
Alizihesabu noti mara mbili, akanitazama kama mlevi,
akatoweka.

Kulipopambazuka niliubeba begani hadi kwenye mzunguko.
Kongoti alikuwa amesimama kwa mguu mmoja,
na hakuna aliyeshtuka:
si ndivyo wanavyosimama?
Watu walipita na mandazi yao.

Kasyoka alichomelea bila kuuliza nimeutoa wapi.
Alipovua miwani ya kazi akasema tu,
"Ile mizani yako ya zamani, utanipa lini?"
"Naitumia."
"Najua," akasema.

Sasa nina mpya, ya betri.
Haina sindano, inaandika namba nyekundu,
haijui kunisaidia.
Ile ya zamani imekaa kifuani mwa ndege, kioo na kila kitu,
kulabu inaning'inia wazi.
Watoto wa shule hujitundika hapo kwa zamu,
sindano inazunguka kama kichaa,
na wakishuka inarudi kulala palepale,
mbele ya macho ya kila apitaye.
Hakuna aliyewahi kuisoma.

Mimi huvukia upande wa pili.
Ila juzi foleni ya malori ilinizuia,
nikaona shomoro ametua juu ya kulabu.
Sindano ikatetemeka.
Ikasogea, unywele mmoja, kuelekea sufuri.
Lori likapiga honi.